Maji Yataenda Wapi? Historia Fupi ya Sakafu ya Nje

Katika nyumba za mawe za Lamu, kiwanda si mahali pa mashine. Ni ua, ile nafasi iliyo wazi juu na kuzungukwa na kuta, ambayo mgeni huifikia akishavuka daka na tekani. Nguo huanikwa hapo, nazi hukunwa hapo, watoto hukimbizana hapo. Sisi wa bara tukisikia kiwanda tunawaza moshi, vumbi na king'ora cha saa moja asubuhi. Neno ni lile lile. Zamani liliitaja sehemu ya wazi ya kufanyia kazi, kazi ikakua, paa likaja, injini zikafuata. Historia ninayotaka kuisimulia inatoka kwenye kiwanda cha kwanza hadi cha pili, yaani kutoka ua hadi simiti. Siku hizi, huko Ruaka, Syokimau, Kitengela na Utawala, viwanda hivi viwili vimekutana. Kilichotengenezwa katika kimoja kinamwagwa juu ya kingine.

Nazungumzia sakafu ya nje: njia ya gari kutoka geti hadi mlangoni, baraza la nyuma la kuchomea nyama, uwanja wa ploti ambapo wapangaji wanafulia. Pitia matangazo ya nyumba mtandaoni na utaona "kampaundi ya kabro" imetajwa juu kabisa, kabla ya jikoni. Kabro ni ishara kwamba mtu amefika. Lakini kila aliyewahi kutengeneza sakafu ya nje katika nchi hii, tajiri au maskini, alilazimika kujibu swali moja, na majibu ya swali hilo ndiyo historia yenyewe: maji yataenda wapi?

Tuanze pwani, na tuanze na neno. Sakafu tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni paa. Wapwani hawakukosea. Katika nyumba ya ghorofa, paa la aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zikafunikwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha juu ukaja mchanganyiko wa chokaa na kokoto. Halafu kazi yenyewe ilianza, nayo ina kitenzi chake katika kamusi za zamani: kupigilia. Watu walijipanga na vipande vya miti wakaigonga sakafu hadi ishikane na iwe ngumu kiasi cha kuzuia maji.

Chokaa yenyewe ilitoka baharini. Matumbawe yalichomwa kwenye tanuu la kuni mpaka yakawa unga mweupe. Kitu cha kukumbuka kuhusu chokaa ni kwamba haina haraka. Huwa ngumu polepole, ikirudishiwa na hewa ile gesi ya kaboni ambayo moto uliiondoa. Sakafu ya chokaa inaendelea kukomaa miaka mingi baada ya fundi kulipwa na kwenda zake.

Nenda Gede, karibu na Watamu, ule mji uliostawi karne nyingi na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wengi hupiga picha msikiti mkuu na jumba la mfalme, kisha wanatafuta nyani. Mimi nakuomba uangalie chini. Nyumba nyingi za Gede zina ua uliochimbwa ukashuka chini ya usawa wa vyumba. Unateremka kuingia uani na unapanda kuingia ndani. Mvua ikinyesha, maji yanajua pa kukusanyika, na hapo si kitandani. Zaidi ya miaka 500 iliyopita, bila kipande kimoja cha chuma cha kuimarisha, mtu alikaa chini akapanga mteremko.

Bara hawakuwa na matumbawe, lakini sakafu ya nje walikuwa nayo. Kwa Wakamba ilikuwapo thome, ule uwanja wa nje ya boma ambapo wanaume waliketi kando ya moto na kesi ziliamuliwa. Katika jamii nyingi, uwanja mbele ya nyumba ulifagiliwa kila asubuhi hadi ukang'aa, na mahali pa kuanikia nafaka pakapakwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Si ushamba huo. Ni sakafu inayopumua: inapokea mvua, inakunywa kiasi, na inayobaki inaiachia migomba. Shida yake ni kwamba lazima irudiwe, na kazi ya kuirudia, mara nyingi, iliangukia wanawake na wasichana. Ukitaka kujua kwa nini nyanya wengi walifurahia simiti ilipofika kijijini, jibu liko kwenye ule ufagio wa alfajiri.

Simiti tunayoijua ilizaliwa Leeds, Uingereza. Tarehe 21 Oktoba 1824, mwashi mmoja aitwaye Joseph Aspdin alipata hataza ya unga aliouita Portland, kwa kuwa ulipokauka alidai unafanana na jiwe zuri lililochimbwa kisiwa cha Portland. Lilikuwa jina la biashara tu, lakini ndilo hilo bado limeandikwa kwenye magunia ya kilo 50 pale hadwea ya mtaa wako. Tofauti kubwa na chokaa ni mwendo. Simiti haingoji hewa. Inakula maji, na ndani ya saa chache imeshika. Kwa serikali ya kikoloni iliyokuwa na haraka, huo ulikuwa muujiza.

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, kwenye eneo tambarare la kinamasi ambalo Wamaasai waliliita kwa maji yake baridi. Hebu tafakari hilo kidogo: jina la jiji letu ni maji. Waliojenga walipanga mji wao juu ya kinamasi, wakachukua miinuko ya magharibi na kaskazini yenye udongo mwekundu unaopitisha maji, na kuwaachia Waafrika upande wa mashariki, penye tambarare na udongo mweusi, ule mafundi huuita blakikotoni. Kwenye miinuko, nyumba ilikaa katikati ya bustani kubwa, na kutoka getini kulikuwa na njia ya gari. Mashariki hakukuwa na njia ya gari kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuwa na gari. Mfanyakazi wa kiume alipewa nafasi ya kitanda, na uwanja ulikuwa wa wote.

Nikiangalia sakafu hizo naona jinsi kila moja ilivyokuwa inamsubiri mtu fulani. Baraza la Mswahili, lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele, linamsubiri mgeni. Thome inasubiri wazee. Njia ya gari haisubiri mtu kabisa. Inasubiri chombo, na aliyekuja kwa miguu anaambiwa azunguke nyuma.

Mwanzoni simiti ilikuja kwa meli, kwa hivyo ilikuwa ghali. Mwaka 1933 kampuni ya East African Portland Cement iliandikishwa Kenya. Mwaka 1951 Felix Mandl alianzisha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, na mwaka 1954 kiwanda kikaanza kutoa simiti. Mwaka 1958 kile cha Athi River kikazinduliwa. Malighafi ya Bamburi ilikuwa nini? Mawe ya matumbawe. Yale yale ya Gede na Lamu, ila sasa yakichomwa kwenye tanuri la chuma lenye joto linalozidi nyuzi 1,400. Shimo lililoachwa na uchimbaji lilikuwa jangwa jeupe, mpaka mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje. Leo watoto wa shule wanaenda hapo kumwona kiboko. Sehemu ya Kenya ya kisasa ilitoka katika shimo lile.

Uhuru ukaja, watu wakaja mjini. Katikati ya miaka ya 1970 Benki ya Dunia na baraza la jiji walianzisha mradi wa Dandora: ploti zipatazo 6,000, kila moja ikiwa na choo na bafu, mwenyewe ajenge vyumba vilivyobaki. Wengi walijenga vyumba kuzunguka ua, wakaishi katika kimoja, wakapangisha vingine. Bila kukusudia, Dandora iliurudisha ua wa Lamu. Katikati ya ploti kulikuwa na nafasi wazi yenye bomba, kamba za nguo, majiko na umbea. Na kwa kuwa maji ya kufulia ya familia nane hayawezi kumwagwa kwenye udongo mweusi bila kugeuka tope, ua ulimwagiwa simiti. Hapa ndipo sakafu ya nje ilipoacha kuwa anasa. Ilikuwa njia ya kumwezesha mtoto kufika chooni bila kuzama.

Miaka 40 baadaye, vijana wa huko huko Dandora walianza kusafisha nyua zilizokuwa zimegeuka jaa, wakazipaka rangi, wakaweka mageti na bustani, na nyua zikashindanishwa. Hawakusubiri mbunge.

Sasa tuje kwenye mjengo. Historia hii inakuwa na maana pale unapokuwa na fundi mbele yako, na pesa za kuweka chini zipo, au za chama zimefika.

Udongo mweusi hauwezi kufunikwa tu. Ukilowa unavimba, ukikauka unajikunja na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Slabu iliyowekwa juu yake itavunjika kama biskuti, hata uinunulie simiti gani. Unachimbwa na kuondolewa, shimo linajazwa mawe, yale mafundi huita hadikoo, kisha udongo mwekundu wa changarawe unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Kupigilia kumerudi, siku hizi kwa mashine. Juu yake, unene wa milimita 100 unatosha gari dogo. Kama boza la maji litakuwa likiingia, na Nairobi boza huingia, weka 150.

Mchanganyiko wa kawaida ni karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Adui ni mtungi. Fundi akichoka ataongeza maji ili zege liteleze lenyewe, na kila lita ya ziada itaacha vitundu humo ndani ikishapotea. Halafu kuna viungo. Zege hujivuta likikauka, kwa hivyo litapasuka, upende usipende. Unachoamua ni wapi. Kwa slabu ya milimita 100, kata mfereji mwembamba kila mita 2.5 hadi 3, wenye kina cha robo ya unene, na ufa utafuata mstari wako. Ule wavu wa chuma wa BRC hauzuii ufa. Kazi yake ni kuzuia vipande visiachane.

Kisha mwagilia. Siku saba, asubuhi na jioni, magunia mabichi yakiwa juu. Hapa ndipo watu wa mjini hushindwa, kwa sababu gari linalala nje na mwenyewe anataka kuliingiza Jumamosi. Nguvu ambayo wahandisi huihesabu ni ile ya siku ya 28. Simiti ina haraka kuliko chokaa, lakini si kama sisi.

Kabro ni hadithi nyingine. Kwa gari la nyumbani tofali la milimita 60 linatosha, na la 80 ni la malori. Linakaa juu ya mchanga, na linashikiliwa na ukingo wa zege pembeni. Bila ukingo, matofali hutembea. Uzuri wake ni kwamba bomba likipasuka chini, unayang'oa, unatengeneza, unayarudisha. Utunzaji ni mdogo lakini ni wa kudumu: ng'oa majani yangali machanga, fagia mchanga mkavu kwenye nafasi kila mwaka, na usiruhusu kijana wa kuosha magari aelekeze ile mashine ya maji yenye presha katikati ya matofali. Oili ikimwagika, ifunike kwa vumbi la mbao siku hiyo hiyo. Na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haikutungwa kwa ajili ya mahusiano yenu peke yake. Ufa kwenye slabu hupitisha maji, maji hulainisha udongo, na masika ijayo kona nzima imezama.

Lakini haya yote ni bure usipojibu swali la mwanzo. Mteremko unaotakiwa ni sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Kuelekea wapi? Hapo ndipo watu wengi hunyamaza, kwa sababu jibu la kweli ni "kwa jirani".

Tufanye hesabu. Kampaundi yako ina mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50 inanyesha usiku, na Nairobi hilo si jambo la ajabu mwezi wa Aprili. Ni lita 5,000, lile tangi jeusi kubwa lililojaa hadi mdomoni. Zamani uwanja ulikunywa sehemu ya maji hayo. Sasa umeuziba, na tangi zima linatoka getini kwako ndani ya saa chache. Nyumba 40 za korti yenu zikifanya hivyo, ni lita 200,000. Maji hufuata mkondo, na mikondo ya Nairobi inateremka kutoka miinuko ile ile yenye bustani kwenda mashariki na kusini: Mathare, Mukuru, Athi River.

Kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Serikali iliwaamuru walioishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na matingatinga yakaingia Mathare. Sisemi kwamba kabro ya Lavington iliua mtu. Mvua ilikuwa kubwa, mitaro ilikuwa imeziba, na nyumba zilikuwa kingoni. Ninachosema ni kwamba aliyekaa kwenye njia ya maji aliulizwa kwa nini anaishi pale, na aliyeyatuma maji hakuulizwa kitu. Ramani ya nani yuko juu na nani yuko chini haikuchorwa mwaka huo.

Na maji yanaondoka mahali pengine pia. Mchanga wa zege lako mwingi hutoka kwenye mito ya msimu ya Ukambani. Mto wa namna hiyo ukikauka juu, mchanga ule unaendelea kuhifadhi maji chini, na watu huchimba humo kuyapata wakati wa kiangazi. Ukibeba mchanga umebeba kisima. Mzozo huo umewahi kumwaga damu, na mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kudhibiti mchanga. Kwa hivyo sakafu moja ya Nairobi inaweza kumkausha mtu Makueni na kumlowesha mwingine Mukuru, na mwenyewe haoni yeyote kati yao.

Ploti ninayoishi, upande wa Kinoo, ilimwagiwa zege mwaka 2023. Aliyeifanya aliinua uwanja ukazidi vizingiti vya milango miwili, kisha akauelekeza huko huko. Masika ya mwaka uliofuata, Mama Njeri wa chumba namba mbili aliamka akaona slipa zinaelea. Tulimwita mwenye nyumba, tukakaa naye uani, watu kumi na moja kwenye viti vya plastiki. Alitaka kuongeza zege lingine. Mzee wa namba tano, aliyewahi kufanya mjengo miaka mingi, alimwambia, "Boss, maji hayakatazwi. Yanaonyeshwa njia."

Tulichokubaliana kilikuwa rahisi. Ukanda wa sentimita 30 ulikatwa mbele ya vyumba vyote na kujazwa kokoto bila simiti. Maji ya paa yaliwekewa mfereji hadi kwenye tangi. Pale kona ya chini, mbali na kuta, tulichimba shimo la kina cha mita moja na nusu, tukalijaza mawe ya ukubwa wa ngumi. Kwetu ni udongo mwekundu, kwa hivyo linanyonya. Kwenye udongo mweusi lingejaa na kukaa, na huko tangi ndilo jibu. Ukuta wa nyuma ulibaki na mita mbili za udongo mtupu, na mwenye nyumba alilalamika kwamba panaonekana kama hapajamalizika. Mama Njeri alipanda sukuma.

Usiku wa mvua, ukitoka kwenda chooni, unasikia shimo linakunywa. Jioni, jua likipungua, ukingo wa ule mfereji ndio watu hukalia. Hakuna aliyeupangia kazi hiyo. Ni upana wa kutosha tu, na urefu wa goti.